Nyutro na Teksi ya Umeme

Ulikuwa mwaka ule petroli ilipopanda bei kwa mara ya kwanza. Hapana, si ule. Mwaka ule Nyutro alikuwa bado analipenda gari lake la zamani kama mboni ya jicho, na ungemwambia habari za umeme angekucheka. Ulikuwa mwaka uliofuata, petroli ilipopanda tena, madereva wa teksi pale kituoni karibu na hospitali wakawa wanazima injini hata wakisimama kwenye taa nyekundu. Ndiyo, huo ndio mwaka Nyutro alipouza gari lake akanunua la umeme.

Jina hilo la Nyutro alipewa na wenzake, na hakulichukia. Mji wenyewe ni kupanda na kushuka, huna pa kuegesha baiskeli isikimbie. Basi yeye kila akifika kileleni alikuwa anatoa giya, anaweka nyutro, pale ambapo injini haishiki tena magurudumu, na gari linateremka lenyewe mpaka chini, mguu wake uko kwenye breki na tabasamu liko mdomoni.

"Mteremko tumepewa bure," alikuwa akiwaambia abiria. "Kwa nini niuchomee mafuta?"

Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye giya bila hata kumuuliza mwenyewe.

Gari la umeme bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya lile la petroli la ukubwa uleule. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Aliuza gari la zamani, akakomba akiba yake, na pengo bado likawa linamkodolea macho. Fedha ya kuliziba ilikuwepo nyumbani, lakini haikuwa yake. Ilikuwa ya mke wake.

Mke wake ni fundi cherehani. Siku zile alikuwa anashonea kwenye kibaraza cha nyumba waliyopanga. Mvua ikija upande upande, anavuta turubai. Upepo ukivuma, anaacha cherehani na kukimbizana na vitambaa vya watu uani kama anayefukuza kuku. Kwa miaka saba alikuwa anaweka fedha ya kupanga chumba kando ya barabara, chenye mlango wa kioo, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja kujitazama. Chumba chenyewe alikwisha kukichagua. Aliwahi kuingia na futi yake ya kushonea akakipima ukuta kwa ukuta, kama mtu anayetaka kukishonea suti.

"Mama watoto," Nyutro alimwambia jioni moja wakinywa chai, "nina neno. Lakini usinikate kabla sijamaliza."

"Sema tu. Mkasi uko mbali."

Akasema yote. Gari halitaki oili, halitaki plagi, halijui foleni ya petroli. Umeme wa kulijaza haufiki hata robo ya mafuta ya siku moja. Kinachobaki kitarudisha fedha yake yote, na chumba atakipata, tena na feni juu.

Mke akakizungusha kikombe mezani. "Miaka mingapi?"

"Miwili. Ikipita miwili, niite mwongo mbele ya mama yako."

"Mama anakuita hivyo tangu siku ya harusi," akasema mke, akaingia ndani, akatoka na bahasha.

Kituoni walimpokea kwa vicheko. Gari halingurumi, halitoi moshi, wakalipa jina la Pasi.

"Bwana Nyutro, pasi yako imepata moto?"

"Nikuletee shati langu ulinyooshe ukipita?"

Naye anacheka nao, huku anafuta vumbi mlangoni kwa kiwiko. Alilitunza gari lile kama yai. Nailoni za viti hakuzitoa. Mke wake akamshonea kitambaa cha buluu cha kufunika dashibodi isipauke kwa jua, wakaacha kijidirisha kidogo tu cha kuonea namba ya chaji. Hayo mataa mengine yanayowakawaka yakabaki chini ya kitambaa. Nyutro aliona ni mapambo tu ya kumvutia mnunuzi.

Tatizo halikuchelewa. Muuzaji alisema chaji itamfikisha tangu alfajiri mpaka jua litue. Saa tisa alasiri namba tayari imeshuka kiasi cha kumtia jasho, na Nyutro anageuza gari kwenda nyumbani kuchomeka waya kupitia dirisha la jikoni. Saa hizo ndizo watu wanatoka makazini. Abiria wake wanono wanabebwa na wenzake, yeye amekaa kwenye ngazi anaangalia waya.

Akalirudisha kwa muuzaji. Fundi wa pale akalipima, akatikisa kichwa.

"Betri nzima, mzee. Labda ni unavyoendesha."

Nyutro aliona ametukanwa mchana kweupe. Yeye? Mtu anayekusanya miteremko yote ya mji mzima?

Miezi kumi ikaenda hivyo. Wakipita mbele ya kile chumba, bado kitupu, mke aligeuza uso upande wa pili wa barabara, anasoma mabango ambayo hakuwa na haja nayo. Mwishowe Nyutro akakata shauri. Alipatikana mnunuzi, akataja bei ya kuumiza roho, theluthi nzima imepotea. Na iliyopotea ilikuwa sawasawa na chumba.

"Tutakwenda wote," alimwambia mke. "Fedha ni yako. Uione kwa macho yako ninavyoipoteza."

Jumamosi asubuhi wakaondoka. Mke alikaa kiti cha mbele, mahali ambapo hakukaa mara nyingi, kwa kuwa kiti cha mbele ni cha abiria. Wakapanda kilima cha hospitali. 

Mke alikuwa anaangalia kitambaa. Ni desturi ya fundi, akiona kazi yake hawezi kuiacha na kasoro.

"Hapa pindo limekwenda upande," akasema, akakinyanyua apime pa kukata. Kileleni Nyutro akaachia mguu, mkono wake ukaenda kwenye giya kama kawaida yake, ukaweka nyutro. "Baba watoto, hili jani la kijani ni la nini?"

"Jani gani?"

"Lilikuwa linawaka sasa hivi ulipoachia mguu. Umeshika giya, limezimika."

"Mapambo hayo."

"Mapambo yana mshale unaokwenda kwenye betri? Hebu rudisha giya."

Akarudisha, ili tu amridhishe. Gari likajishika lenyewe, likapunguza mwendo kama lililovutwa shati kwa nyuma, na jani likawaka.

"Toa." Likazimika. "Rudisha." Likawaka.

Nyutro akaegesha kando. Macho yalimtoka. Akageuza, akapanda kilima upya, akateremka giya likiwa mahali pake, mkono wa kushoto ameukalia kabisa usije ukamponyoka. Akarudia tena, na tena. Simu ya mnunuzi ililia mara nne bila kupokelewa. Mara ya tatu wakiwa chini, namba ilikuwa imepanda kidogo kuliko ilivyokuwa kileleni.

"Kumbe mteremko ndio unaolijaza," akasema taratibu. "Na mimi kila siku naumwaga barabarani."

"Cherehani ya miguu ndivyo ilivyo," mke akasema. "Ukiondoa mkanda, gurudumu linazunguka vizuri kweli. Ila hushoni kitu."

Gari halikuuzwa. Kuanzia wiki ile chaji ikawa inafika magharibi na kubakiza. Fedha ikarudi, ingawa haikurudi kwa kasi ya kiapo, maana miezi ile kumi ilikuwa imeacha shimo. Ilipita miaka mitatu na miezi minne ndipo mke akapata funguo za chumba. Mama mkwe alikuja kukiona, akamtazama Nyutro, akasema tu, "Mwongo." Lakini alicheka.

Wenzake kituoni sasa wanamuuliza kwa heshima kama kweli bei ile inalipa. Anawajibu polepole. Kwa dereva anayezunguka kutwa, mwenye pa kuchomeka nyumbani, inalipa. Kwa anayekwenda kanisani au msikitini na kurudi, abaki na lake la petroli. Lakini kuna sehemu hawaambii, kwa sababu yeye mwenyewe hajaimaliza.

Siku ya kwanza ya kazi kwenye chumba kile, alikwenda kumtundikia mke kile kioo kirefu. Alimkuta amepiga magoti anapinda gauni lililovalishwa sanamu ya mbao, pini zimejaa mdomoni. Nyutro akasimama na nyundo mkononi, akamuuliza. Mke alitoa pini moja, akaichomeka kwenye pindo, akatoa ya pili, akaendelea na kazi. Mpaka leo swali lake liko palepale:

"Mke wangu, bei ya gari wanaijua wote. Ile miaka uliyokaa barazani unakimbizana na vitambaa, hiyo niwaambie ilikuwa bei ya nini?"