Mstari Ulioachwa kwenye Lebo

Wino hakuwa mtu wa kupaza sauti zahanatini, lakini asubuhi ile aliipaza. Dada yake alikuwa amekaa mbele ya daktari, miguu imevimba hata viatu vimekataa kuingia, anahema kama aliyepanda ngazi na gunia kichwani, na anadanganya mchana kweupe.

"Mama, unatumia dawa nyingine yoyote, mbali na hizi nilizokuandikia?" daktari aliuliza.

"Situmii."

"Na hizi unazimeza kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Dada!" Wino aliruka. "Kopo la vidonge limejaa mpaka mdomoni! Nimelikuta nyuma ya sukari!"

"Na wewe kabatini kwangu ulifuata nini?"

Daktari, mwanamke mfupi aliyechomeka kalamu sikioni, hakucheka. Dada alimwangalia, akamwangalia mdogo wake, kisha akafungua mkoba, akatoa chupa ya kimiminika cha rangi ya kahawia, akaitua mezani kwa kishindo.

"Haya. Natumia hii. Vidonge nimeviacha mwezi wa pili huu, maana hapo wameandika. Someni wenyewe. Si maneno ya mtaani, ni ya kuchapwa."

INATIBU MOYO, PRESHA NA MISHIPA YOTE YA DAMU. Herufi nene, nyekundu, na kichoro cha moyo pembeni.

Daktari aliigeuza chupa huku na huku. "Ndani mna nini? Hapa hawajasema. Mama, mimi sina ugomvi na miti. Kuna inayoshusha presha kweli, kuna inayoipandisha, na kuna inayogombana na vidonge vyangu. Nikijua ni mti gani naweza kukushauri. Ninachojua leo ni kwamba moyo wako umechoka kusukuma damu, na bila vidonge utachoka zaidi. Sitakuficha."

Dada alibana midomo. Wino, aliyekuwa akibweka muda si mrefu uliopita, alikuwa ameikodolea macho lebo. Ile M yenye mguu mfupi aliijua. Ilikuwa M yake. Lebo ile ilikuwa imetoka kwenye mashine yake.

Alikuwa mchapaji kwa miaka ishirini na miwili, katika chumba kimoja kilichonuka mafuta ya taa na karatasi mpya. Kadi za harusi, risiti, matangazo ya misiba, vyeti vya chekechea, vyote vilipita mikononi mwake, na mikono hiyo haikuwahi kutakata. Ndiyo maana hata mkewe alimwita Wino. Alikuwa na ulimi mkali. Mteja akileta maneno mengi kuliko karatasi, Wino alimwambia, "Hii lebo, mzee, si barua ya mapenzi," kisha akachukua kalamu nyekundu akapunguza. Na alijisifu kwa hilo. Wengine wanachapa tu, alikuwa akisema, mimi nafanya watu wasome.

Alimrudisha dada nyumbani, akamwegemeza kwenye mito, kisha akatoka bila kuaga. Damu ilimchemka. Mtu anajaza maji ya mizizi kwenye chupa, anakuja kwangu na uso mkavu, ananituma nichape uongo, na uongo wenyewe unaenda kumla dada yangu! Njiani alikuwa akizungumza peke yake hata muuza viazi akampisha.

Mwenye dawa ile, aliyeitwa Tabibu, alikuwa na duka dogo nyuma ya soko. Hakuwa mzee wala hakuwa na ndevu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani, aliyewahi kuwa karani wa ghala, na mizizi yake aliipanga kama faili.

"Muuaji!" Wino alimsalimu.

"Karibu," alisema Tabibu. "Nani amekufa?"

"Usinichezee! Dada yangu ameacha vidonge vya moyo kwa sababu ya chupa yako. Amevimba miguu! Inatibu moyo, inatibu mishipa yote! Mishipa yote unaijua wewe? Umeihesabu?"

Tabibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akavuta droo, akapekua, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Hii ndiyo niliyokuletea. Naweka kila kitu, ndiyo tabia ya ghala. Soma kwa sauti, maana leo sauti unayo."

Juu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, kulikuwa na majina ya mimea minne na kipimo cha kila mmoja. Chini yake: *Husaidia wenye presha ya kupanda. Usiache dawa za hospitali. Mwambie daktari wako kwamba unatumia dawa hii.* Na juu ya yote hayo ulipita mstari mnene wa kalamu nyekundu. Pembeni, kwa mwandiko ambao Wino angeutambua hata gizani, iliandikwa: *Maneno mengi. Herufi ndogo zitajaa wino. Weka INATIBU, inavutia.*

Alisoma mara mbili, kimoyomoyo.

"Nilikuuliza," alisema Tabibu, na sasa sauti yake nayo ilikuwa na ncha. "Nilikuuliza, huu mstari wa hospitali je? Ukanijibu, mwenye akili atajua mwenyewe. Nikanyamaza. Kosa langu ni hilo, nilinyamaza kwa sababu lebo ilipendeza na chupa zikaanza kutoka. Lakini muuaji usiniite peke yangu."

Wino aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Hasira haikuondoka, iligeuka tu, kama mbwa aliyemfukuza mtu, kumbe ni mwenye nyumba.

Alipofika kwa dada alimkuta macho. Alisimama mlangoni.

"Dada, yale maneno ya kwenye chupa si ya Tabibu. Ni yangu mimi."

"Nenda huko. Unatafuta njia ya kunimezesha vidonge."

"Ni yangu." Akamkabidhi ile karatasi.

Dada aliisogeza mbali na macho, akaisoma polepole, huku kifua kikipanda na kushuka. Ndiye aliyemlea Wino baada ya mama yao kufariki. Alimfundisha a, e, i, o, u kwa mkaa ukutani, akachapwa na baba kwa kuchafua ukuta. Alipofika kwenye mwandiko wa pembeni aliinua uso, na Wino akatamani angepigwa.

"Inavutia," alisema dada.

"Dada..."

"Nyamaza! Siku zote unawacheka watu, huyu mshamba, yule hajui kusoma. Mimi najua kusoma. Nimesoma, nikaamini. Nilikuwa naamka nahema, najiambia vumilia, dawa inafanya kazi, imeandikwa. Kumbe nasoma majivuno yako!" Alikohoa, akashika ubavu. Wino alipiga hatua, akazuiwa kwa kiganja. "Usinishike. Lete kopo. Na maji. Si kwa ajili yako, usijidanganye."

Alimeza vidonge mbele yake, kimoja kimoja, bila kumwondolea macho.

"Wenzangu wangapi wameisoma?"

"Sijui."

"Basi unakaa hapa unanitazama kwa nini? Mimi nimeambiwa. Wao nani atawaambia?"

Mchana ule ule Wino alirudi kwa Tabibu, akaandikiwa orodha ya maduka saba yaliyouza chupa zile. Katika duka la kwanza alipiga magoti mbele ya rafu ya chini, akashusha chupa, na kwa kalamu nyeusi akaanza kuandika: *Usiache dawa za hospitali.* Kwenye lebo hapakuwa na nafasi, alikuwa ameijaza yote; ikabidi aandike juu ya INATIBU.

"Wewe!" mwenye duka alipiga kelele. "Unaniharibia bidhaa! Nani atanunua chupa iliyochorwachorwa?"

"Atakayesoma."

"Na ambao wameshanunua? Wiki hii tu nimeuza kumi na tano. Mmoja alikuwa anakokota mguu."

Wino alisimama ghafla, kalamu mkononi. "Yupi? Anakaa wapi?"

"Mimi nitajuaje? Aliuliza kama ni ya moyo, nikamwonyesha lebo."