Ukurasa Aliofikia Kaka

Mtakaosoma haya mnivumilie. Mwandiko wangu unalala upande mmoja na herufi nyingine huwa naziruka, kwa kuwa niliishia darasa la saba na mkono wangu haujawahi kuwa mwepesi. Hata kusoma, nasoma polepole.

Kaka yangu ni baharia. Alipopata kazi melini alituacha mimi na mama hapa Chamazi, akaniachia kishikwambi cha kusomea vitabu, kile ambacho kioo chake kinaonyesha maandishi meusi tu, bila rangi. Yeye alikuwa na kingine. Vyote vilitumia akaunti yake moja, kwa hiyo kitabu akikiweka kwake, kwangu nako kinaingia.

Kaka si mtu wa simu. Akipiga anaongea na mama, mwishoni anauliza, "Dogo hajambo?" Basi. Lakini kila nilipokiunganisha kishikwambi na mtandao, kiliniuliza kwa Kiingereza, sentensi niliyoikariri: kifaa kingine kimefika ukurasa wa mbele zaidi, uende huko? Ndivyo nilivyojua meli imefika bandari fulani yenye mtandao, na kwamba kaka amesoma. Nilijibu hapana, nikaendelea pale nilipoishia.

Betri ikaanza kuvimba. Nikakipeleka kwa fundi simu wa pale kituo cha daladala.

"Oya, wenzako wanaleta simu niwajazie nyimbo za singeli, wewe umeniletea shule!" Wateja wakacheka. Nikatazama chini.

"Braza, vitabu visipotee tu."

"Vipotee vipi? Nanakili vyote kwenye kompyuta, nakuhamishia kwenye hiki kingine, cha mtumba lakini kizima. Na flashi ya akiba nakupa."

Kweli, vyote vilikuwepo. Ila kishikwambi kipya hakikuniuliza kitu. Nilinunua bando, nikakiunganisha, kimya. Wiki zikapita. Mama aliposema, "Kaka yako mbona hapigi?" nilimjibu kwamba baharini hakuna mtandao. Nilikuwa natamani niamini maneno yangu mwenyewe.

Nikarudi kwa fundi. Safari hii hakukuwa na watu.

"Mdogo wangu, mie nimekuhamishia vitabu. Akaunti ya kaka yako haimo humu. Hizi ni nakala tu, hazijui nani mwingine anasoma. Nywila yake unayo?"

Sikuwa nayo. Nikakimbia nyumbani kuleta kile cha zamani, kilichokuwa juu ya kabati. Fundi akaitoa betri iliyovimba, akakiwekea nyingine iliyochoka, inayoshika chaji ikiwa kwenye waya tu. Kikavuta mtandao taratibu. Nikafungua kitabu changu.

Swali likaja. Kaka alikuwa mzima, na alikuwa mbele yangu mbali.

Nikakaa nalitazama lile swali. Ndipo nikaelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kishikwambi chake hakijawahi kumuuliza yeye. Kinauliza pale mwenzako anapokuwa mbele, na mimi niko nyuma siku zote. Miaka yote hiyo nilikuwa napata habari zake, yeye hakupata zangu.

Kwa mara ya kwanza nikabonyeza ndiyo. Nikafika pale alipo. Kisha nikafungua ukurasa mmoja zaidi, nikaacha hapo.

Sasa kishikwambi kipo kwenye waya pembeni ya kitanda, nami nakiwasha kila asubuhi. Kaka bado hajaufikia ukurasa wangu. Kama na wewe unamfuata mtu namna hii, niandikie. Mwandiko wowote nitausoma, hata kama itanichukua siku nzima.