Chaji Ilipokata Chanika

Mke wangu alipokwisha kuzikwa, nilirudi kijiweni kwetu Tabata nikaendelea kubeba abiria kwa bodaboda. Sikulia msibani, wala baadaye. Nilikuwa naendesha, nakula, nalala.

Ndipo wakaja watu wa kampuni moja na pikipiki za umeme. Walitaka dereva mmoja aijaribu kwanza. Betri ikiisha, anakwenda kuibadilisha kwenye kituo chao. Wenzangu waliwajia juu.

"Sie abiria wetu wengi wanakwenda Chanika," mwenyekiti wa kijiwe aliwaambia. "Petroli ikiniishia kule nanunua ya chupa dukani. Betri nayo inauzwa kwenye chupa?"

Watu wakacheka. Mie nikasema, nipeni.

Mwenyekiti akanivuta pembeni. "Braza, umefikiria lakini?"

Sikuwa nimefikiria. Kwangu zote zilikuwa sawa.

Ile pikipiki haikuwa na mngurumo wala mtetemo. Nilikuwa nafika jioni nisikumbuke nilikopita.

Siku moja nilimpakia mama mmoja mtu mzima, mteja wetu wa siku nyingi, kumpeleka Chanika. Tulipoacha lami tukaingia kwenye mchanga, chaji ikakata. Nikamwambia nimtafutie pikipiki nyingine, akakataa. Kwake hakukuwa mbali. Nikawa nasukuma, yeye anatembea kando na mfuko wake wa dagaa.

"Mwanangu, mbona umepoa hivyo? Mkeo hajambo?"

"Alishafariki, mama."

Kijiweni hakuna aliyewahi kuniuliza, maana wote walikuja kuzika. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Yule mama akasimama, akasema inna lillahi, akanishika bega. Nilisubiri machozi. Hayakuja. Nikaendelea kusukuma, mchanga ukiniingia kwenye kandambili.

Kijiweni waliposikia chaji ilinikatikia njiani, walicheka sana. Kisha wakauliza kwa dhati: wahamie za umeme au wasihamie? Nikawaambia kwa safari za mjini haina shida, za mbali itakuzimikia. Wawili wakachukua za umeme. Mwenyekiti alibaki na petroli yake, akisema atahama siku kituo cha betri kikifika Chanika.

Baadaye yule mama alikuja tena, akanitaka mie. Wenzangu walimwonya kuhusu chaji.

"Ikizima tutatembea," akajibu.

Nikamwomba asubiri, nikaenda kubadilisha betri kwanza. Safari hii tulifika bila kusukuma. Aliposhuka aliniuliza kama nakula vizuri. Nikasema nakula. Akaingia ndani, nami nikageuza pikipiki kurudi Tabata.