Mbuzi wa Injinia

Niliogopa tangu asubuhi, nilipomwona mpishi akinoa kisu kando ya mbuzi. Nilijua huyo mbuzi ni wa kutunyamazisha.

Tulikuwa Mwingi, makarani wa kampuni ya ushauri iliyotumwa kuuliza wananchi habari za maji. Wenzetu wa Nairobi walipewa pesa ya kulala nje, mbali na kwao. Sisi tulioandikwa huku tuliambiwa tuko kwetu, hatuihitaji. Kwetu! Mimi natoka upande wa Kambu, mbali kabisa, na kijana wa Kanyangi niliyelala naye hema moja hakuwa na shangazi Mwingi. Tukalalamika. Injinia, mkubwa wetu, hakujibu. Alinunua mbuzi.

Hapo sisi wa huku tukakubaliana: hakuna kuonja. Ukila nyama ya mtu, umemaliza maneno naye.

"Huyu mzee wa kanisa ndiye atatuangusha," kijana wa Kanyangi akasema, akininyoshea kidole. "Akisikia tu maombi ya chakula, mdomo unafunguka wenyewe."

Walicheka. Nilicheka pia. Lakini nyumbani mvua ilikuwa imekataa, na mshahara huo ndio ulikuwa unga wetu. Tena sitaki kumsingizia Injinia. Mke wangu alipozidiwa, yeye ndiye alitoa Land Rover inifikishe nyumbani, na hakunikata hata senti. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kumkatalia.

Jua likishuka, nyama ikaletwa. Injinia akachukua ini, akawapita wengine wote, akaja kwangu kwa sababu ya mvi zangu.

"Karibu, mzee."

Mikono yangu ilibaki magotini. "Asante, Injinia. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Si mmeshinda njaa!"

Akatutazama, kisha akakata kipande, akakitafuna polepole mbele yetu. Kwetu mwenye chakula huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Sijui nani alimfundisha. Baada ya hapo huwezi kusema umeshiba. Ukikataa, umemwambia mtu ni adui yako.

"Na sasa?" akauliza.

"Si sumu, Injinia." "Ni ile pesa. Hata sisi tunalala nje."

Kijana wa Kanyangi, na mzaha wake wote, alikuwa anaangalia viatu vyake. Lakini nyama hakugusa, hilo lazima niseme. Injinia akalirudisha ini kwenye sahani.

"Nitawaambia Nairobi," akasema, akaingia hemani mwake. Mafuta yakaganda sufuriani.

Pesa ilikuja, kwetu sote. Lakini kazi ilipohamia Makueni, karibu kabisa na nyumbani, wenzangu waliitwa na mimi sikuitwa. Labda ni mwandiko wangu. Ulikuwa mbaya kweli, na Injinia alishanionya kabla ya habari ya mbuzi. Siwezi kuapa.

Siku moja nilikuwa Kambu nikiuza vitunguu kando ya barabara. Land Rover ikasimama. Nilitaka kujificha, lakini kijana wa Kanyangi alikuwa ameshashuka.

"Mzee! Siku hizi tunalala nje kama wakubwa!"

Injinia alikaa mbele, akitazama barabara. Hakugeuka. Nikampimia kijana vitunguu vyake, nikamwongezea kimoja.