Tenga Lenye Godoro

Nianze na mapeasi, maana bila mapeasi nisingekuwa na kinyongo hiki ninachotembea nacho mpaka leo, mvi zimejaa kichwani.

Kwetu juu milimani, upande wa Irente, mpeasi haubembelezwi uzae. Msimu ukifika matunda yanaanguka mpaka mbuzi wanayachoka. Shida ilikuwa kuyafikisha Tanga. Lori lilishuka ile barabara ya kona mpaka Mombo likirukaruka, na mapeasi ndani ya matenga ya fito yakagongana njia nzima. Yakifika yamepondeka, meusi ubavuni, mnunuzi anabinua mdomo, na wanaume wetu wanarudi wakimtukana dereva. Kila msimu alitukanwa dereva. Hakuna aliyelitazama tenga.

Mimi nililitazama. Nilikuwa mkamwana mgeni pale nyumbani, mtoto wa kwanza mgongoni, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasa la nne, kwa sababu nilipofika la nne baba yangu alisema inatosha, jembe halina kalamu. Nililia juma zima. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza huko mbele kwa nini nilikasirika namna ile.

Basi nikawaza: mtoto tunamtandikia, mgonjwa tunamtandikia, peasi tunalitupa juu ya fito tupu! Na vya kutandikia vilikuwa vinaoza nyuma ya nyumba. Mgomba ukishakatwa mkungu, shina linaachwa hapo hapo. Maganda ya mahindi yanachomwa moto. Nikaanza kubandua magome makavu ya mgomba alfajiri, ukungu ukiwa bado umeyalainisha, kwa maana jua likishayapiga yanakatikia mkononi. Nikayasokota, nikasuka kuta mbili, na katikati nikajaza maganda ya mahindi. Tenga la kwanza lilikaa chini likalala kama mlevi. La pili lilisimama, lakini maganda yote yaliteremka chini, juu kukabaki ngozi tu. La tatu nililishona vyumba vyumba ili maganda yasihame. Hilo likakubali.

Nikatia mayai sita ndani, nikafunga mdomo, nikaliviringisha mteremkoni nyuma ya jiko. Mama mkwe akatoka mbio, mikono kichwani. "Unachezea mayai ya watu! Umerogwa?" Tukashuka wote wawili mpaka kwenye mahindi kulifungua. Yai moja lilikuwa na ufa. Matano mazima. Mama mkwe akakaa chini kwenye majani akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kwa hiyo alijua. Shika hilo: alijua tangu siku ya kwanza.

Na wifi yangu alijua pia. Huyu alikuwa dada yake mume wangu, mkubwa kwake, aliyeachika huko Bumbuli akarudi nyumbani bila mtoto. Alimaliza darasa la saba. Alizungumza Kiswahili cha ofisini, kilichonyooka, na ndiyo maana kikundi cha akina mama kilipoanzishwa kijijini alifanywa katibu. Tusidanganyane, nilimpenda. Nikisuka yeye alimbeba mwanangu. Nikichoka alinisimulia mambo ya watu mpaka mbavu zikaniuma. Hata jina la tenga lenye godoro alilitoa yeye, kwa utani. Kusuka tu ndiko kulikomshinda; alikuwa na haraka, alibandua magome saa sita mchana na kuyakata yote, kisha akayatupa, akasema, "Wifi, mikono yako ina majini!"

Siku moja akaja ofisa kutoka wilayani, mambo ya viwanda vidogo vya vijijini. Ndiyo maneno ya wakati ule: tujitegemee, tutumie vilivyopo, tusingoje vya Ulaya. Tukaitwa ofisini kwa kijiji. Baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kwa hiyo alikaa kwenye kiti, na sisi wanawake tukakaa chini mkekani, mimi nyuma kabisa kama inavyompasa mkamwana. Tukampa mgeni shikamoo zake. Tenga langu lilikuwa juu ya meza. Ofisa alilipindua, akaingiza mkono, akaliminya ukutani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikaogopa mtoto mgongoni ataamka.

Akasema kuna nafasi moja katika chuo cha ufundi huko Tanga. Mwanamke mmoja, miezi sita, akirudi awe mwalimu wa wenzake. Jamani, chuo! Mimi wa darasa la nne! Kisha akauliza, "Sasa, nani alibuni tenga hili?"

Wanawake wote wakageuka kunitazama.

Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Neno hilo kubuni mimi nililijua kwa maana moja tu. Shuleni, mwalimu wetu akikuuliza swali ukajibu la kichwani mwako, alisema, "Unabuni wewe! Nyoosha mkono," na fimbo inashuka. Mtu akisingizia wenzake, tulisema amebuni maneno. Kwangu mimi kubuni kulikuwa kusema uongo. Nikamwona mtu mzima wa serikali ameshika tenga langu anauliza nani mwongo, na baba mkwe ananitazama, na wanawake wote wamenigeukia. Nikapiga magoti.

"Si mimi, ndugu," nikasema. "Mimi sijabuni kitu. Haki ya Mungu."

Mwanamke mmoja akacheka kidogo, hakujua la kufanya. Nikamtazama wifi. Yeye Kiswahili anakijua. Yeye anajua nimekosea nini. Nilimwona akielewa, niliona kabisa usoni mwake jambo lilivyoingia na kukaa. Nikangoja aseme, ndugu, huyu hajakuelewa.

Akasimama, akakaza kanga. "Ni mimi niliyebuni, ndugu ofisa," akasema. "Kwa kushirikiana na wenzangu."

Nikashusha pumzi! Eti nikamshukuru moyoni. Nilidhani wifi yangu amejitwika kosa langu. Nilitoka pale nikimwombea dua njia nzima, mjinga mimi, nikamchemshia na chai.

Ni mume wangu aliyenifumbua macho, tunakula bada, ule ugali wa muhogo. Akaniuliza kwa nini nilikana. Nikamwambia sikukana, nilikataa kuitwa mwongo. Akaacha kutafuna. "Kubuni ni kutunga kitu ambacho hakikuwapo," akasema. "Alikuwa anakusifu." Nikalirudisha tonge sahanini.

Nilimfuata wifi kisimani asubuhi yake. Nikamwambia, haraka haraka kwa Kishambaa, kwamba sikuelewa lile neno, twende pamoja tukamweleze ofisa kabla hajaondoka. Aliendelea kujaza ndoo. "Wewe mwenyewe ulisema si wewe," akanijibu. "Mbele ya watu. Na Mungu ukamtaja."

"Wifi, lakini unajua!"

"Najua ulichosema."

Nikaenda kwa mama mkwe. Nikamkumbusha mayai. Alikuwa anapepeta mahindi na hakuacha kupepeta. Akasema, "Mwanangu, wewe una mume, una mtoto, una nyumba. Mwenzako ana nini? Mwachie hilo moja." Akaongeza kwamba heshima si utumwa. Msemo huo wameutunga watu wanaoheshimiwa, si wanaoheshimu. Baba mkwe sikuthubutu kumwendea. Naye, aliyelipita tenga langu kibarazani kila siku akienda msikitini, hakusema neno. Mume wangu akaniomba nisiitie nyumba aibu. Nyumba! Wote wanne walijua, na wote wanne walikula kwangu, chakula nilichopika mimi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu walikuwa wamekaa mkekani wananawa mikono.

Wifi akapanda lori akaenda zake na tenga langu mapajani, la mfano. Nilimpungia mkono, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Miezi ikapita. Aliporudi alikuwa na viatu vyenye kisigino na daftari kubwa, na asubuhi hakusema tena "onga mashi" ya Kishambaa, alisema, "Hamjambo, akina mama." Kijiji kikampa darasa katika ghala la ushirika. Kila mwanamke wa kikundi alitakiwa kuhudhuria, na mkamwana wa mwenyekiti ndiye wa kwanza kutakiwa. Nikaenda. Nikakaa mkekani nikafundishwa tenga langu. "Wifi, shika hivi," aliniambia mbele ya wote, akanigeuza kidole. Kidole changu!

Alikuwa amejifunza, sitamnyima haki yake. Chuoni walimfundisha kupima kwa rula na kuchora, na kuta zake sasa zilinyooka. Lakini mchana wa siku ya tatu alikuja jikoni kwangu peke yake, akakaa kwenye kigoda, akamchukua mwanangu kama zamani. Akamchezesha kidogo. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Wifi, yale maganda ya mahindi, kabla hujayashona, ulikuwa unayafanya nini?"

Nikajua kilichomleta. Tanga kuna jua. Ukianika maganda yanakauka yakabaki makavu. Kwetu ukungu unaingia mpaka kitandani, na ganda unaloliona kavu limekwisha kunywa maji. Ukilishona hivyo hivyo linavunda ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Mimi nilikuwa nayalaza darini juu ya moto siku tatu, moshi uyashike. Alikuwa ameona kila kitu nilichofanya isipokuwa hicho, kwa sababu moshi ulimuumiza macho na jikoni hakukaa. Ningemwambia kwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilimtazama akimbembeleza mwanangu, na nikakumbuka alivyokaza kanga yake pale ofisini.

"Sijui," nikasema. "Buni tu."

Akanirudishia mtoto akaondoka.

Akabuni. Akaamuru tuyaanike nje, siku mbili, kisha tushone. Wenzangu walinitazama, maana baadhi yao walishaona maganda darini kwangu. Mimi nikainama nikashona maganda yale mabichi, vyumba vyumba, mshono mzuri kuliko wote mle ghalani. Mwalimu akalinyanyua tenga langu kuwaonyesha wengine, wakanipigia makofi.

Msimu ulipofika tulijaza mapeasi, matenga yakashuka na lori. Yalirudi yote. Mnunuzi alisema yananuka, na kweli yalinuka. Ukiyapasua, ndani kulikuwa na ukungu wa kijani mpaka kwenye matunda. Wanawake waliokuwa wameacha mashamba yao kuyasuka walikaa mbele ya ghala wakiyapasua moja moja, na mimi nikiwa nao. Mjane mmoja jirani yangu alikuwa amesuka kumi na mbili. Aliniuliza, "Hivi wewe hukuliona hili?" Nikamwambia sikuliona. Kikundi kikarudi kwenye fito, na dereva akarudi kutukanwa. Sikulisuka tena tenga lile, na sijaona mwingine akilisuka.

Wifi aliolewa tena, Korogwe, na alipokufa tulimzika vizuri. Nilikwenda kumwosha mimi mwenyewe. Hatukuwahi kulizungumza. Lakini siku ya kufunga darasa lile, kabla ya msimu, kabla ya harufu, ofisa alikuja kutugawia vyeti, vyenye muhuri, na wifi alituita mmoja mmoja. Changu ninacho mpaka leo, ndani ya bahasha, chini ya nguo. Ni cheti pekee nilichowahi kupewa maishani. Kimeandikwa jina langu lote, bila kosa hata moja, na chini yake kimeandikwa kwamba nimefundishwa kutengeneza tenga, nami nimefaulu vizuri sana.