Beseni la Bahari kule Kakese

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chekechea moja ya Kashaulili, Mwalimu Mkuu alinikabidhi ufunguo na boksi la chaki, akaniambia kazi yangu ni kuhakikisha watoto hawalii. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliudhika kweli, maana nilitoka mafunzoni kichwa kimejaa zana, yaani vitu anavyoshika, kuona au kuonja mtoto ili aelewe somo. Nikafungua mlango. Walilia wote.

Baadaye nilihamishiwa Kakese. Mratibu Elimu Kata, mzee mpole aliyependa kufika bila taarifa, alitaka kila muhula uwe na mada moja kubwa. Safari hiyo akachagua bahari. Nilimwambia bahari yenyewe sijawahi kuiona.

"Hata mimi sijaiona, mwalimu," alinijibu. "Wewe anza."

Nikaanza. Rangi ya bluu hatukuwa nayo, basi nilikoroga nili ya kufulia mashati, watoto wakapaka kwa vidole juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Siku ya kufinyanga nilileta udongo, nikamwambia kila mmoja atengeneze samaki anayeogelea. Nilipopita kukagua nilikuta samaki wote wamekunjwa duara, mkia umebanwa mdomoni. Kumbe samaki waliyemjua ni kambare mkavu wa sokoni, aliyebanikwa hivyo hivyo. Nilicheka hadi machozi, kisha tukawanyoosha mmoja mmoja.

Mwepesi wa kuelewa kuliko wote alikuwa Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao. Asubuhi moja baba yake alisimama mlangoni na fimbo. Alinisalimu kwa heshima, akasema amekuja kumchukua mtoto asirudi tena: ndama hawana mchungaji, na hapa anaona wanachezea tope tu. Niliogopa. Niliwajua watoto walioondolewa kwa ajili ya ndama. Hata darasa la kwanza hawakuonekana. Nikamwomba asubiri somo liishe. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu yamguse kidevu.

Somo lilikuwa beseni la maji safi tuliyotia chumvi nyingi, watoto waonje kwa ncha ya kidole. Nikaeleza kwamba bahari ni maji ya namna hiyo, yasiyoonyesha ng'ambo. Baba Kabula akashindwa kuvumilia.

"Maji ya chumvi? Si ndiyo ng'ombe wanayapenda! Sisi tunahangaika na magadi, kumbe nyie walimu mnajua yaliko."

Kabla sijajibu, Kabula aliniwahi.

"Baba, hayo yanaongeza kiu. Ng'ombe atakunywa, atakunywa tena, mwisho atakufa. Onja."

Akamchotea kwa kikombe. Baba alipiga funda, akakunja uso, akatoka kutema nje. Darasa zima likacheka, naye akacheka. Aliporudi aliniuliza nani amemfundisha mtoto habari za ng'ombe. Nikamweleza kwamba mimi nilisema tu juu ya watu waliopotea baharini wakafa kwa kunywa maji yake. La ng'ombe amelifikiria mwenyewe.

Alimrudishia bintiye kikombe.

"Basi ndama nitawachunga mimi," alisema. "Huyu mwacheni asome."

Nilitamani kumkumbatia, ila adabu haikuruhusu.

Nilimalizia kazi Mwese, huko milimani, na sasa nimestaafu. Walimu vijana wana picha za rangi na simu zinazoonyesha hadi nyangumi, na ninawaonea wivu waziwazi. Wakiniuliza siri ya kazi, huwauliza kwanza mzazi anakaa wapi darasani mwao. Wengi hunionyesha benchi la nje.

Mimi, wiki ile ile ya beseni, nilimwomba seremala anitengenezee kiti kimoja cha mtu mzima, nikakiweka karibu na mlango. Baba Kabula alikikalia kila alipopata wa kumchungia ndama, akiuliza maswali kuliko watoto, mpaka asubuhi aliyomshika binti yake mkono na kumvusha uwanja kwenda darasa la kwanza.