Namba ya Gari Kwenye Nozeli

Pudensiana, Mama Aika, ni mtu ambaye ukimwambia "habari za asubuhi" anaangalia kwanza saa. Siyo ubaya, ndivyo alivyo. Majirani zake wa Terrat wanajua: muuza mkaa akishusha gunia, mama analimwaga lote uani aone katikati kuna nini. Na usicheke, maana mwaka juzi katikati kulikuwa na mawe. WhatsApp kazima "last seen", kazima tiki za bluu, picha ya profile ni ua. Status za watu anaangalia zote. Ya kwake hujawahi kuiona na hutaiona.

Sasa mtu wa namna hiyo, dunia ikampa mtihani wa gereji.

Alikuwa na Hilux pikapu, ilimbebea ndizi miaka saba mpaka injini ikachoka kabisa. Wakati huohuo wafugaji wa Nkoaranga, kule juu mlimani, wakawa wanatafuta gari la kushusha maziwa mjini kila asubuhi. Kazi ya kudumu, ya kumlisha mjane mwenye mtoto chuoni. Katibu wao, Mzee Sifaeli, aliweka masharti mawili tu: gari lipande kile kilima cha mwisho bila kupumzika, na lisitoe moshi. Maziwa, alisema, yanashika harufu haraka kuliko mtaa unavyoshika umbea. Majaribio Jumatatu asubuhi. Mwingine anayeitaka hiyo kazi ni Ludovick mwenye Canter, shemeji yake mwenyewe, ambaye tangu atangaze nia amekuwa akimpigia simu kumuuliza "gari linaendeleaje" kwa sauti ya upole inayotia shaka.

Basi Pudensiana akaamua kubadilisha injini. Ikapatikana kubwa zaidi, imekuja kwenye nusu gari, yale magari yanayokatwa kati yauzwe vipande, kutoka Dubai, ila haina kontroboksi, ile kompyuta inayoiambia injini imwage mafuta lini na kiasi gani. Lomayani, fundi wake wa Sokon One, akasema si neno: watatumia kontroboksi ya zamani, na Derick, kijana wa kompyuta za magari, ataipakia programu ya injini mpya. Tatizo ni nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Zilizokuja na injini zilikuwa zinavuja. Pudensiana akaagiza nne mpya kwa mpwa wake Nairobi.

Hapo ndo usingizi ukamwisha.

Mjini hapa kila mtu ana hadithi ya nozeli. Umeingiza gari na mpya, umetoka na za gari marehemu. Yeye mwenyewe marehemu mumewe aliwahi kuingia gereji fulani na betri mpya, akatoka na nyingine inayofanana nayo kama pacha. Ilikufa Jumapili njiani kwenda misa, wote wamevaa vizuri, wakasukuma. Kwa hiyo Jumanne alipozipeleka nozeli Lomayani azikague, alikagua naye bega kwa bega, akazirudisha kwenye mkoba, akaondoka nazo. Zililala chini ya kitanda.

Jumatano akashuka Kwa Mrombo, kwa yule jamaa anayechora namba za magari kwenye vioo na taa ili wezi wasivifungue. Mji mzima unachora vioo, jambo la kawaida. Jamaa alipofunguliwa mkoba akachungulia, akamtazama mama, akachungulia tena.

"Mama, hizi ndo saiti mira za wapi?"

"Chora."

"Wapi sasa? Hazina hata paji la uso."

"Hapo kichwani, pana kasehemu kamelala. Chora sita moja nane."

Jamaa akapasugua kwanza pawe laini, fundi anayejipenda, kisha akachora. 618, mara nne, maandishi mazuri kama ya kadi ya harusi. Pudensiana hakumwambia mtu. Mtego ukishautangaza unakuwa bango.

Ijumaa Lomayani akazifunga. Mama alikaa kwenye kigoda hatua mbili tu kutoka kwenye boneti, chupa ya chai pembeni, hata kujisaidia hakwenda. Ila saa tisa Aika alipiga simu kutoka chuoni, mtandao ukawa mbovu, akatoka getini dakika nne. Dakika nne! Aliporudi Lomayani alikuwa anafuta mikono na kitambaa, anapiga mluzi. Mluzi wa nini?

Jumamosi asubuhi Derick akaja na laptop yake iliyobandikwa stika kama basi la mkoani.

"Shikamoo, Mama Aika."

"Marahaba. Hiyo waya inaingia wapi?"

"Kwenye gari, mama."

"Na ikitoka inatoka na nini?"

Derick akacheka. Akapakia programu, akakaa muda, akasema, "Fundi, washa kidogo nisikilize." Lomayani akawasha.

Injini ikagonga ko-ko-ko-ko kama mgeni mwenye hasira, Hilux ikatetemeka, na nyuma ukatoka moshi mweusi uliowafanya wachomeleaji wa jirani wavue miwani waangalie kilichoungua.

"Zima! Zima!" Pudensiana kasimama, kigoda kimeanguka. "Lomayani, umenibadilishia nozeli!"

"Yeyo, subiri kijana amalize..."

"Usiniite yeyo, mimi siyo mama yako! Dakika nne tu nimetoka, umenifunga za vyuma chakavu! Zifungue!"

"Bado kuna hatua moja, mama," Derick akajaribu.

"Hatua ya kwenda wapi? Na wewe mmoja wao! Fungueni!"

Watu wakajaa. Lomayani, jina lake la miaka kumi na tano pale Sokon likiwa linavuliwa nguo hadharani, akasogea kwenye injini. Akachukua spana. Ilichukua karibu saa nzima. Akazipanga nne juu ya gunia safi, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani.

Pudensiana akainama. Akafuta ya kwanza kwa kanga. 618. Ya pili, 618. Ya tatu. Ya nne akaifuta mara mbili, akaigeuza, akaiweka juani.

618.

"Haya," Lomayani akasema taratibu. "Soma kwa sauti, wateja wangu wasikie."

Kabla hajasoma, Derick akapiga magoti. "Hapa nani kachora?"

"Mimi. Zisiibiwe."

"Mama." Kijana akajishika kichwa. "Mama, mama, mama. Hapa ndo kulikuwa na namba zake!"

Akaeleza, na kwa mara ya kwanza akaachwa amalize. Kila nozeli ina tabia yake: hii inapuliza zaidi kidogo, ile inachelewa. Kiwandani wanazipima, matokeo wanayaandika pale kichwani, herufi na tarakimu thelathini. Hatua iliyobaki ilikuwa kuzisoma na kuziingiza kwenye kontroboksi. Bila hizo, kontroboksi inadhani bado iko na nozeli za zamani, inazipa mpya amri za wenzao. Ndo kugonga. Ndo moshi.

"Kwa nini hamkuniambia?" mama akauliza, sauti imeshuka.

"Ulitupa nafasi?" Lomayani akasema. "Nikifungua mdomo unauliza nataka nini."

Hapo mama akakaa chini, siyo kwenye kigoda, chini kabisa kwenye oili. Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Akamwona Ludovick na Canter yake inang'aa, na ile sauti ya upole.

Lomayani akatoa simu mfukoni, akatafuta. Akampa Derick.

"Jumanne, ulipozileta," akamwambia mama. "Nilipiga picha zote nne ulipoinama kuokota risiti yako."

"Za nini?"

"Ili siku ukisema nimekubadilishia, niwe na ushahidi. Magari ya wengine sipigi. Lako tu."

Watu waliangua kicheko mpaka mchomeleaji mmoja akashika ukuta. Derick tayari alikuwa anakuza picha na kunakili. Tatu zilisomeka herufi kwa herufi. Ya nne, kidole gumba cha Lomayani kimelala juu ya nusu ya namba, kinene, na kucha yake yote.

"Hii tunaipa namba za wastani," Derick akasema. "Itakohoa ikiwa baridi. Kuipima upya ni wiki ijayo."

Jumatatu Hilux ilipanda. Ilipita migomba, ikapita kahawa, ikala kile kilima cha mwisho bila kushusha pumzi, Pudensiana akiimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti asiyojua kama anayo. Juu pale akazima, akasalimia, madebe ya maziwa yakapangwa chini nyuma ya gari, yakisubiri kupakiwa. Wakati wa kuwasha tena, injini imeshapoa kwa baridi ya mlima, nozeli ya nne ikakumbuka ugonjwa wake. Ikakohoa. Moshi mwepesi wa kijivu ukatambaa kuelekea kwenye maziwa.

"Shemeji," Ludovick akasema akiwa ameegemea Canter, "unafukiza mbu?"

Mzee Sifaeli akatoa leso nyeupe, akaishika nyuma ya eksozi, akaikagua. Ilikuwa na kivuli. "Fundi amekuharibia?"

"Mafundi wa mjini, Mzee," Ludovick akadakia, "wezi watupu."

Jibu lilikuwa limeshapikwa, la kumeza tu. Angesema ndiyo, angeonewa huruma, labda angepewa wiki nyingine. Pudensiana akashusha pumzi.

"Fundi hana kosa. Nimeharibu mwenyewe. Nilichora namba ya gari juu ya nozeli, wasiziibe."

Ludovick ndo wa kwanza kucheka, wengine wakafuata. Mzee Sifaeli hakucheka.

"Zote nne?"

"Zote nne, Mzee."

"Dereva wetu aliyepita," mzee akasema, "aliondoka hapa na lita mia nne, akafika na mia nne thelathini. Maziwa yalizaa njiani. Alikuwa mpole, tulimwamini wote." Akakunja leso. "Mtu anayechora nozeli, nani atamtilia maji? Madebe yakae mbele karibu na kabini, yafunikwe. Huo moshi nakupa wiki moja. Pakieni."

Vijana wakashika debe la kwanza. Pudensiana akaweka mkono juu ya mfuniko.

"Kwanza kileteni kile kipimo cha kuelea, cha kujua kama maziwa yametiwa maji."

"Cha nini tena, mama?" Mzee Sifaeli akashangaa. "Yametoka kwa ng'ombe sasa hivi!"

"Ng'ombe mwenyewe simjui," Pudensiana akasema, akafungua mfuniko.